Fukusi wa Mkwe

Kwa mama yangu, Chekalini, hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa chini kabla mahindi hayajakauka. Sisemi kupumzika, habari za kupumzika tulizisikia kanisani tu. Baada ya kuvuna tulianika uani juu ya maturubai, na wingu likichungulia tu upande wa Mlima Elgon tulikimbia sote kukunja, hata mwenye homa, hata mgeni aliyekuja kutusalimia. Babu yangu alipata shamba hilo Wazungu walipoondoka, na tangu hapo ukoo wetu ukajua kitu kimoja duniani, mahindi, na adui mmoja, fukusi.

Kwa asiyemjua, fukusi wa mahindi ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Rangi yake ni kahawia, na mbele ya uso ana mdomo mrefu uliopinda kama mkonga wa ndovu. Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, akataga yai ndani, kisha akaziba tundu vizuri kama fundi. Wewe unaona hindi zima, unafurahi, kumbe ndani kuna mtoto anakula. Siku anayotoka, umebaki na ganda na vumbi.

Mama aliwasikia. Aliinama, akaweka sikio kwenye gunia, akatunyamazisha kwa mkono. Akisema "wamo," hakuna aliyebisha. Gunia lilimwagwa chini, mahindi yakapepetwa, na dawa ya unga ikanyunyizwa kwa soksi. Alitia dawa ndani ya soksi kuukuu, akaigonga kwa kijiti juu ya mahindi, na unga ukashuka mwembamba kila mahali. Soksi yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Tulimnunulia kitambaa chepesi cha kazi hiyo, akakitia kabatini. Alisema baba aliwachukia fukusi kuliko yeye, kwa hivyo mwacheni naye aendelee kufanya kazi.

Basi mimi nilikua nikiamini fukusi ni wa aina moja tu, na kwamba Mungu alimuumba siku aliyokuwa na hasira.

Aliyenitoa ujinga huo ni mume wangu. Wakati huo nilikuwa napika katika hoteli ndogo ya barabarani karibu na lango la msitu, Buyangu, naye alikuwa kibarua wa kusafisha njia wanazopita wageni wanaokuja kutazama ndege. Alikuja kila mchana kula chapati na maharagwe. Siku moja alinikuta nachambua maharagwe, natupa wadudu nje na matusi juu yake.

"Hao si fukusi kamili," akasema. "Angalia, hawana mdomo mrefu. Hao ni binamu tu."

"Wewe unataka maharagwe ama unataka wadudu?"

"Vyote viwili," akajibu, na kesho yake akaniletea kiberiti. Nikafungua nikidhani ni pete. Woi! Ndani alikuwa mdudu wa kijani anayemetameta kama kitambaa cha bibi harusi, na mbele ule mdomo wa adui zetu. Nilipiga kelele, kiberiti kikaanguka kwenye sufuria. Wateja walicheka mpaka mmoja akasahau kulipa.

Lakini nilienda naye msituni. Siwezi kudanganya, kijana alikuwa mzuri wa sura. Akanionyesha fukusi anayeshona. Jike huyo hukata jani kuanzia ukingoni mpaka karibu na mshipa wa katikati, huliacha linyauke kidogo, kisha hulikunja kwa miguu yake, analiviringisha kama mkeka, na ndani ya mkeka huo kuna yai moja. Nilisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuvuta hata uzi mmoja, hakupaka gundi, na mkeka haukufunguka. Akanionyesha mwingine mwembamba, mrefu kama njiti, ambaye madume yake husukumana kwa midomo juu ya gogo bovu kwa ajili ya jike. Mwingine ukimgusa tu anajifanya amekufa: anakunja miguu, anaanguka, anakaa chini kama punje ya udongo mpaka uchoke na uende zako. Na yule mwingine, lo, alikuwa mfano kamili wa mavi ya ndege, na ndege wenyewe humruka.

"Wako wangapi?" nikauliza.

"Hakuna anayejua vizuri. Karibu kila mmea una wake, vile kila kanisa lina kwaya."

Aliniambia kuna wanaokula gogo lililokufa mpaka likawa udongo, wapo wanaokula mbegu ili mti mmoja usijaze msitu wote, na kule ziwani walipelekwa wengine makusudi ili wale gugu maji. Nikamuuliza wa mahindi ana faida gani. Akafikiri. Akasema kuku wanampenda. Nilicheka sana siku hiyo, na mwaka huohuo nikakubali kuolewa. Wanawake wengine huletewa maua, mimi nililetewa fukusi kwenye kiberiti, na sijajuta.

Akanileta kwao Navakholo, kwenye miwa. Baba mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mzee, alikuwa na miwa mbele ya nyumba, miwa nyuma, miwa mpaka kwenye choo. Miwa ilisomesha watoto wake na ilizika wazazi wake kwa heshima, na mtu haachi hivihivi kitu kilichomlea. Lakini miwa ilikuwa imemchosha mume wangu. Akaenda kwa baba yake, akapiga magoti, akaomba kipande cha shamba apande michikichi, ile miti inayotoa mafuta mekundu, mawese. Mzee alikubali kwa shingo upande. Shamba lilikuwa bado kwa jina lake.

Miti ilikua vizuri, ikawa minene, makuti yake yakatupa kivuli ambacho miwa haikuwahi kutupa. Ila matunda hayakushika. Shada lilitoka, likanenepa kidogo, likaoza. Linatoka jingine, linaoza. Majirani wa miwa walipita wakiuliza kama tunauza kivuli. Mzee hakutucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuja mwisho wa mwaka, akasimama kando ya miti, akasema, "Mvua ndefu ikianza kama sijaona tunda limeshika hapa, nitaleta trekta. Nitapanda miwa. Msinichukie."

Mume wangu hakumchukia. Alikonda tu. Ile miti ndiyo kitu pekee alichowahi kumwomba baba yake.

Ndipo afisa wa kilimo aliyekuwa ametuletea miche alipokuja, akatazama, akagonga paji la uso wake. "Hamna fukusi!" akasema. Nilidhani anatusifu. Kumbe mchikichi una maua ya kiume na ya kike mbali mbali, na wa kubeba unga kutoka kwa dume kwenda kwa jike ni fukusi wake mwenyewe, mdogo kabisa, ambaye anakaa, anakula na kuzaliana katika maua ya kiume. Upepo peke yake hautoshi, hasa kwa miti michache kama yetu. Akatuletea maua ya kiume yaliyojaa wadudu hao ndani ya mfuko wa neti, akatundika mtini. Baada ya majuma machache, ukikaribia ua la kiume ulisikia harufu tamu, kama chai ya viungo, na juu yake fukusi walijaa kama watu siku ya soko. Mume wangu aliwasalimia kila asubuhi kabla hajanisalimia mimi. Na maua ya kike ya kwanza tangu waje yalikuwa karibu kufunguka. Tuliona njia sasa.

Sasa nimlete mama.

Kila mwezi wa kwanza mama alikuja kutuletea gunia la mahindi, kwa sababu hakuamini kwamba watu wa miwa wanaweza kujilisha. Na hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mama mzaa mke na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anatoka njiani na kugeuza uso. Kulala chini ya paa la mkwe, hapana, kwa hivyo mama alilala kwa Mzee, boma la juu, akashinda kwangu jikoni, jiko letu likiwa nyumba ya kando. Vijana wengi siku hizi wameacha mambo hayo, wanakumbatiana na wakwe zao kama timu ya mpira. Mama yangu, ng'o! Na mume wangu hivyohivyo.

Kwa hivyo walizungumza kupitia kwangu. Mama akiwa jikoni, mume wangu akiwa kivulini nje, hatua chache tu, mama aliuliza kwa sauti, "Muulize mkwe wangu kama chai ina sukari ya kutosha." Nami nikasema, "Mama anauliza chai." "Mwambie Mama sukari iko sawa." "Anasema iko sawa." Nilisimama katikati kama mkalimani wa mahubiri, natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Walipendana sana hao watu wawili. Mama alimsifu mbele ya wanawake wote wa Chekalini kwamba mkwe wake hana kelele.

Jumapili moja tulienda kanisani, mama akabaki kuangalia ingokho, kuku mmoja mkubwa aliyekuwa motoni. Alitoka nje kutafuta makuti makavu ya kuwasha moto. Akasikia ile harufu, akainamia ua la kiume la mchikichi ulio karibu na ghala letu. Mtu mwingine angeona wadudu. Mama yangu aliona ile midomo. Maelfu ya midomo, hatua kumi kutoka kwenye gunia lake!

Akaenda kwenye mkoba wake. Mama hasafiri bila soksi.

Tuliporudi alikuwa akitungoja langoni, unga mweupe umemjaa kwenye mikono mpaka viwikoni. Mume wangu alipotokea, aliruka nje ya njia akageuza uso kama inavyotakiwa, na habari zake njema akauambia ua wa miti. "Nimewamaliza! Walikuwa wamejificha kwa maua, washenzi, wanangoja usiku waingie ghalani. Kila mti nimepiga. Mwambie mkwe wangu sasa alale usingizi."

Mume wangu alisimama. Kisha akaenda kwenye miti, si kwa kukimbia. Nilimfuata. Kila ua la kiume lilikuwa jeupe kama keki ya harusi, na chini yake fukusi walikuwa wamelala chali. Kwanza nilidhani labda wanajifanya wamekufa, wanavyofanyanga. Nikamgusa mmoja, nikamgusa tena. Mume wangu alipiga magoti akawachota kwa kiganja, akawatazama.

Nilimwogopa siku hiyo, nasema kweli. Angekuwa ndugu yake, angekuwa mimi, kijiji kizima kingesikia. Lakini aliyefanya hayo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo kwa adabu, anangoja kushukuriwa. Mume wangu alirudi uani, akasimama mbali naye inavyostahili.

"Mwambie Mama," akaniambia, "ingokho inanukia vizuri."

Akaingia ndani, na hakula.

Basi ikabaki kazi yangu, kama kawaida. Nilimvuta mama mpaka kwenye rundo la kuni nikamweleza. Nilikuwa na hasira na yeye, na hasira na yule mwingine aliyejifungia ndani, na hasira na desturi, na hata na kuku.

"Hao si wa mahindi, mama. Hata ukiwamwagia gunia zima watakufa njaa."

"Fukusi asiyekula mahindi?" Alicheka. "Anaishije sasa?"

Nikamwambia anavyoishi. Nikamwambia unga wa maua, na matunda yanayooza, na mvua ndefu, na trekta. Kicheko kiliisha polepole. Akajifuta mikono kwenye leso, akajifuta tena, ule unga haukutoka.

"Na mkwe amesema nini?"

"Si umemsikia? Amesema ingokho inanukia vizuri."

Mama alikaa juu ya kuni. "Heri angenitukana," akasema. "Woi, mama. Heri angenitukana."

Jioni mume wangu aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba haina maana tena. Fukusi wapya wanapatikana kwa mzee mmoja mbali kule, mbele ya Mumias, mwenye michikichi mikubwa, lakini maua ya kike yangefunguka wiki hiyohiyo, na yakifunguka yanangoja siku chache tu. Na hata wakiletwa, maua yenye dawa yatawaua nao. "Wacha Mzee alete trekta," akasema. "Miti haikuwa yangu." Ukuta wa jiko letu ni wa udongo. Niliona taa ya jikoni haisogei, nikajua kwamba mama bado yumo, amesimama tuli anasikiliza.

Asubuhi nilimpelekea mama chai boma la juu. Hakuwapo. Mkoba haukuwapo. Mama mkwe wangu alisema ameamka kabla ya jogoo, ameaga, hakusema anakwenda wapi. Nilimpigia simu, imezimwa. Nikajua amerudi Chekalini na aibu yake, na nikimjua mama yangu, hatakanyaga Navakholo tena mpaka siku ya kunizika. Nilirudi nyumbani nikilia, nikamgeukia mume wangu. "Kwa nini hukumtukana? Ungemtukana tu angebaki!" Alichukua panga, akaenda kuyakata maua yenye dawa, moja moja. Hakuniambia sababu. Nadhani mikono ilitaka kazi.

Alasiri tukasikia pikipiki. Ilikuja polepole mno, kama imebeba mayai, inazunguka kila shimo. Nyuma ya dereva alikaa mama, amekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia mifuko miwili ya neti ya vitunguu, juu yake leso yake nzuri ya kanisani.

"Huyu mama amenimaliza," dereva akalalamika. "Hata matuta ananiambia nishuke nisukume!"

"Nyamaza, kijana, hawa si mahindi." Mama akashuka. Mume wangu alikuwa pale uani, wote wawili wakageuka haraka, huyu akitazama miwa, yule akitazama choo. "Binti yangu," mama akasema kwa sauti ya kusikika mpaka boma la juu, "mwambie mkwe wangu wageni wake wamefika."

Alikuwa amekwenda mpaka kwa yule mzee wa mbele ya Mumias, akiuliza njia kila kituo. Akamwambia bila kuzunguka, nimeua fukusi wa mkwe wangu, nipe wengine. Mzee huyo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua ngazi mwenyewe akamkatia maua yaliyojaa kuliko yote. "Njia nzima wananitembea shingoni," mama akaniambia. "Mmoja aliingia sikioni."

"Ukamfanya nini?"

"Ningemfanya nini? Nilimwacha akae, nikamwambia tunakaribia."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwanamke huyu, ambaye sikio lake hilohilo liliwasikia fukusi ndani ya gunia ili wauawe!

Kazi ya siku hiyo siisahau. Mume wangu alikata maua yote yaliyobaki na dawa katika mistari ya juu, akayaacha chini, akaondoka. Akishaondoka mama alikuja na karai, akayaokota, akayazika kwenye shimo mbali na kuku. Kisha wakatundika maua mapya kwa kamba ya katani, yeye mstari huu, mama mstari ule, migongo imepeana.

"Mwambie mkwe afunge juu kidogo, hapo jua litawachoma."

"Mwambie Mama nimefunga juu."

"Mwambie bado."

"Mnasikizana!" nikapaza sauti. "Mnasikizana vizuri kabisa, mbona mnanichosha?" Wote wawili wakajifanya hawakusikia. Nilienda nikakaa chini ya mti, na kazi ikaendelea bila mkalimani: mama aliuambia mti, na mume wangu akafunga juu zaidi.

Ua la kike lilifunguka baada ya siku tatu nne, la rangi ya maziwa. Tulikwenda mimi na mama kutazama. Fukusi mmoja alikuja, mgongo umejaa unga wa manjano, akatua, akatembea huku na huko kwenye vile vichwa vidogo, akiingiza mdomo kila mahali. Katika ua la kike hakuna chakula chake. Harufu tu inamwita, anafika, anakuta patupu, anaondoka, na unga umebaki.

"Amedanganywa," mama akasema. "Kama mimi nilivyodanganywa na baba yako kwamba ana ng'ombe." Akamtazama anavyoruka kwenda ua jingine. "Enda, baba. Enda huko pia."

Siku iliyofuata akarudi kwao, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye jembe alikuwa ameshapewa. Lakini kila jioni alipiga simu. Hakuuliza habari zangu. Aliuliza wageni wameamkaje, wamekula, mvua haijawapiga? Simu ikiwa mkononi mwa mume wangu alinitupia kama kaa la moto, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia desturi inasema nini kuhusu simu. Baadaye akapata akili: aliweka sauti kubwa, akaacha simu juu ya kiti, akatoka nje, akasimama dirishani kusikiliza. Nilifurahi sana miezi ile, kusema ukweli, ingawa trekta ilikuwa mbele yetu. Nyumba yangu ilikuwa na kicheko. Nilichoogopa ni kuhesabu chochote kabla hakijaiva, kwa hivyo sikukaribia yale mashada, na mume wangu naye alikwenda peke yake na kurudi bila kusema. Matunda machanga yanaweza kushika leo na kuachilia kesho. Tulikwisha kuyaona yakifanya hivyo.

Mawingu ya mvua ndefu yalipoanza kukusanyika, Mzee alituma neno kwamba atakuja Jumamosi. Mwenye trekta alikuwa ameshaambiwa, alikuwa analima jirani. Mama alifika Ijumaa bila kuitwa. Hakuleta mahindi wala mkoba mkubwa. Usiku huo hakuna aliyelala vizuri, si hapa, si boma la juu.

Mzee alikuja asubuhi na fimbo yake na koti lake la mazishi. Mume wangu alimpeleka kwenye mti wa kwanza. Mimi nilisimama nyuma yao. Mama alisimama upande wa pili wa mti uleule, uso ameugeuza kwenye miwa, maana mkwe alikuwa karibu, lakini nilimwona ameshika leso kwa mikono yote miwili. Mume wangu akafungua makuti. Mzee akatia mkono ndani ya shada, miiba ikamchoma, akatoa tusi dogo, akautia tena.

"Ni nini imejaa hivi?" akauliza.

Niliinama kuona. Tunda kwa tunda, meusi, yanang'aa, yamebanana hata kidole hakipiti. Mzee hakungoja kuambiwa. Alikwenda mti wa pili, akatia mkono. Akaenda wa tatu. Kwenye mti mmoja shada lilikuwa limeoza, lile lililofunguka kabla wageni hawajafika, akalitazama hilo pia, akalipita. Alirudi akifuta damu ya kidole kwenye koti. Alitazama miwa yake upande wa chini, akaitazama kwa muda mrefu.

"Yule wa trekta asije huku," akasema. "Alime kule chini, ile miwa imechoka. Na hii miche, mtu anaitoa wapi?"

Mume wangu alifungua kinywa amjibu baba yake. Haikutoka sauti. Alijaribu tena, akachuchumaa akashika shina la mchikichi, akaanza kulia. Si machozi ya kufutwa na kidole. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya baba yake, na mama mkwe wake amesimama upande wa pili wa shina. Kwetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mimi sikujua niende kwa nani.

Mama hakugeuka. Aliinua kichwa, bado ametazama miwa, akapiga vigelegele. Alipiga virefu, vya harusi, kimoja juu ya kingine bila kuvuta pumzi, mpaka kuku wakatawanyika na watu wakatoka boma la juu kutazama kuna nini. Hakuna aliyeweza kusikia kitu kingine.

"Huyo mama ana nini?" Mzee akaniuliza kwa nguvu, mkono sikioni.

"Amefurahi," nikamwambia.

Mama aliendelea hivyohivyo, sauti ikianza kukwaruza, mpaka mume wangu alipoinuka na kujifuta uso. Ndipo akanyamaza.